Kuchomelea mkono wa kiki ya pikipiki uliorefushwa: rodi gani, joto kiasi gani, na kwa nini unakatika palepale?

WaKondele_KSM
Wadau, swali la kiufundi. Pikipiki ya cc 150 imefungwa krashi gadi (kinga ya pembeni ya injini) pana ya bomba nzito ya kubebea mizigo. Mkono wa kiki, ule wa kuwashia injini kwa teke, ukishuka unagonga bomba kabla haujamaliza mzunguko. Mpango ni kukata mkono katikati, kuongeza kipande cha sm 5 chenye kona ya kutoka nje, halafu kuchomelea. Mkono ni wa chuma cha mviringo mm 14, umepakwa kromu. Mashine ya kuchomelea ni inveta ya 200A, rodi zilizopo ni aina ya 6013 geji 12 (unene wa karibu mm 2.5). Mikono iliyotengenezwa hivi sokoni Kibuye, Kisumu, mingi inakatika kando ya mshono, si kwenye mshono wenyewe. Shida iko wapi?

ChumaMoto
Umeshajijibu kwa hiyo sentensi ya mwisho. Kukatika kando ya mshono ni dalili ya chuma kilichogeuka kigumu kama kioo. Mkono wa kiki si chuma laini cha dirisha. Ni chuma kilichofuliwa, kina kaboni ya wastani. Ukikichomelea kikiwa baridi, ule ukanda wa mm 2 au 3 pembeni ya mshono unapata joto la juu kisha unapoa ghafla, kwa sababu chuma baridi kilichobaki kinaunyonya joto. Hapo unakuwa mgumu na unapoteza uwezo wa kujipinda. Teke la kwanza, la pili, halafu tap.

Kabla ya lolote, pima chuma chenyewe. Shika mkono kwenye vaisi, pitisha grainda kidogo mahali utakapokata, utazame cheche. Chuma laini kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, matawi machache. Cha kaboni nyingi zaidi kinatoa cheche zinazopasuka kama nyota, nyingi na karibu na diski. Ukiona nyota nyingi, jua lazima upashe joto kabla ya kuchomelea. Halafu chukua tupa. Ikiteleza bila kuuma, sehemu hiyo imetiwa ugumu, na hapo usichomelee kabisa.

Torki_Nakuru
Kabla hatujafika kwenye rodi, tutazame hesabu. Ukiongeza sm 5 kwenye mkono wa sm 20 unapata sm 25, yaani kwa teke lilelile la nyutoni 300 shafti (mhimili unaozungushwa na mkono) ilikuwa inapokea Nm (nyutoni-mita) 60, sasa inapokea Nm 75. Wengi wanafurahia hapo kwa sababu kiki inahisi laini. Lakini mguu wako unashuka umbali uleule, kwa hiyo mkono mrefu unazungusha shafti kwa pembe ndogo zaidi. Injini inapata mzunguko pungufu kwa kila teke. Pikipiki iliyokuwa inawaka kwa teke moja inaanza kutaka mawili.

Jambo la pili ni ile kona ya kutoka nje. Kadiri sehemu ya kukanyagia inavyosogea mbali na injini, ndivyo teke linavyoipinda shafti badala ya kuizungusha tu. Bushi ya shafti (pete inamozungukia) inalika upande mmoja, kisha oili sili (mpira unaozuia oili isitoke) inaanza kuvuja. Toka nje kwa kile kinachohitajika tu. Pima nafasi kati ya mkono na krashi gadi katika mzunguko wote, mm 20 hadi 25 inatosha.

Na kama unahitaji sm 3 tu za kutoka nje, usikate wala usichomelee. Pinda.

WaKondele_KSM
Kupinda kwa moto au baridi?

Torki_Nakuru
Kwa moto, na moto wa kutosha. Pasha mahali pa kupinda mpaka paive rangi nyekundu inayokaribia chungwa, kisha pinda polepole mara moja, bila kugonga kwa hasira. Rangi ikirudi nyekundu iliyofifia, acha, pasha tena. Kosa kubwa ni kupinda chuma kikiwa na joto la nyuzi 250 hadi 350, pale kinapokuwa na rangi ya buluu. Hapo kinapasuka kwa urahisi kuliko hata kikiwa baridi, na ufa unaanza ndani bila kuonekana.

Kromu iondoe kwanza kwa tupa au grainda, sm 4 kila upande wa mahali pa moto. Moshi wa kromu iliyopata joto ni sumu ya mapafu, si suala la harufu tu. Ukitoa kromu ya juu utaona tabaka jingine la manjano hafifu, hiyo ni nikeli. Itoe nayo mpaka uone chuma cha kijivu kitupu.

MamaSpea_Kakamega
Naongeza jambo ambalo makanika wengi wanaruka. Angalieni kwanza meno yanayoshikanisha mkono na shafti. Mteja anakuja anasema kiki inateleza, fundi anakimbilia kuchomelea. Fungua bolti ya kubana mkono, kwa kawaida ni spana namba 10, toa mkono, safisha meno kwa petroli na brashi. Tazama ya shafti na ya mkono kando kando.

Kama meno ya mkono ndiyo yameisha na ya shafti ni mazima, nunua mkono mpya kisha ndio uurefushe. Usiurefushe ule wa zamani, kazi yako yote itaning'inia kwenye meno mabovu.

Kama meno ya shafti yameisha, hakuna kuchomelea kutakakosaidia. Shafti inabadilishwa. Kwa injini nyingine inatoka ukishafungua klachi kava (kifuniko cha klachi), kwa nyingine lazima kesi ya injini igawanywe, kwa hiyo uliza kabla ya kukubaliana bei.

Angalia pia ule mpasuo wa kubania. Mkono ukiwa umeingia kwenye shafti na bolti imekazwa, lazima ubaki uwazi kama wa mm 1 hadi 2. Pande mbili zikigusana, hata ukaze mpaka bolti ikatike, meno hayabanwi. Watu wanaweka kipande cha kopo la soda katikati. Kinashika siku chache, kisha alumini ile inasagika, mkono unaanza kucheza, na mchezo huo ndio unaokula meno ya shafti. Mtu anaokoa hela ya mkono anaenda kulipia shafti.

boda_Bungoma
Kuna fundi huku anachomelea mkono moja kwa moja kwenye shafti. Anasema hautateleza tena maisha. Je, ni sawa?

ChumaMoto
Hapana. Na hili naliandika kwa uzito wote.

Shafti ya kiki inapita kwenye tundu la klachi kava. Mkono uko nje, kava iko katikati, gia ziko ndani. Ukichomelea mkono kwenye shafti, klachi kava haitoki tena. Siku sahani za klachi zitakapoisha, fundi atalazimika kukata ule mshono kwa grainda sentimita mbili kutoka kwenye alumini ya kava, na unga wa diski ukimwagikia pale kwenye sili. Pia oili sili ni mpira, hauvumilii joto hilo hata dakika moja. Shafti nayo ni chuma kilichotiwa ugumu, kikipata mshono baridi kinapata ufa chini ya meno. Kikikatikia pale, kipande kinabaki ndani ya kava na huna pa kukishika.

Kuna jambo la nne. Ukishika waya wa ardhi kwenye fremu na kuchomelea kwenye shafti, stima inatafuta njia kupitia bushi, gia na beringi za injini. Mahali inaporuka inaacha vidoa vilivyoungua kwenye beringi. Miezi kadhaa baadaye injini inalia, na hakuna anayekumbuka siku ya kuchomelea.

Mkono unachomelewa ukiwa umetolewa kwenye pikipiki, juu ya meza. Pikipiki isiwepo karibu.

Grainda_Shabab
Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza ile ya kuunga kipande, kwa sababu wa Kondele ana kona kubwa kuliko ya kupinda.

Pima kipenyo kwa kaliper. Tafuta raundi ba (fimbo ya mviringo) ya chuma laini ya mm 14 ileile. Usitumie nondo ya ujenzi. Ina mbavu zinazoanzisha nyufa, na mara nyingi ina ugumu usiolingana kutoka mwisho hadi mwisho. Usiende mm 16 ukidhani ni imara zaidi. Raundi ba ya mm 14 ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwa mita, ya 16 karibu 1.6, na uzito una madhara yake, nitayafikia.

Chagua pa kukata. Mbali na meno kwa angalau sm 5, na mbali vilevile na kiungo cha kukunjia. Kile kiungo kina springi na gololi ndogo inayoshikilia mkono ukiwa umekunjwa. Springi ikipata joto inalegea na haitarudi. Ukiweza kuitoa, toa klipu, gololi na springi zote uziweke kando.

Kata kwa diski nyembamba ya mm 1. Kisha noa ncha zote nne kama patasi, pande mbili, pembe kama nyuzi 30 kila upande, ukiacha ubavu wa mm 2 katikati. Vichwa viwili vikikutana vinafanya herufi V juu na V chini. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mtu anagusanisha vichwa bapa kwa bapa, anazungushia mshono juu, anasaga, anapaka rangi. Ndani ya chuma cha mm 14 ameunga mm 3 tu za ganda. Katikati hakuna kitu.

Laza vipande kwenye ango laini (chuma cha umbo la L) ya mm 40 kwa 40 ili vinyooke, acha uwazi wa mm 2 kati yake. Kwa ile kona, iweke kwenye kipande chenyewe kwa kukipinda kwa moto kabla ya kuunga, ili mishono yako miwili iwe kwenye sehemu zilizonyooka. Mshono usiwekwe kwenye kona. Kona ndiyo inayobeba mpindo mkubwa.

Rodi_na_Moto
Niendelee hapo kwa upande wa rodi.

6013 itafanya kazi kwenye chuma laini kwa chuma laini. Lakini upande mmoja wa kila mshono hapa ni ule mkono wenye kaboni, na hapo 6013 ina udhaifu: ganda lake linaacha hidrojeni nyingi ndani ya mshono. Hidrojeni pamoja na ukanda mgumu ndiyo inayoleta ule ufa unaotokea baadaye, wakati mwingine siku moja au mbili baada ya kazi kupoa. Rodi aina ya 7018 imetengenezwa kwa ajili hiyo, ganda lake lina hidrojeni kidogo. Sharti ni moja, iwe kavu. Karibu na ziwa hewa ina unyevu, na pakiti iliyofunguliwa wiki mbili zilizopita juu ya rafu haina tofauti na 6013, pengine ni mbaya zaidi. Nunua pakiti iliyofungwa, au rodi chache kutoka pakiti inayofunguliwa mbele yako, uzitumie siku hiyohiyo. Kuzikausha upya kunahitaji tanuri la nyuzi 260 na zaidi, na sufuria juu ya jiko haifanyi kazi hiyo sawasawa.

Kwenye inveta weka rodi upande wa chanya. 7018 ya mm 2.5 anza na 80A, panda hadi 90 kama inaganda. Kama huna njia ila 6013, nenda 70 hadi 80, na usiruke kupasha joto. Wale wenye mashine ya kusokotwa ya jua kali watasumbuka na 7018. Mashine nyingi za aina hiyo hazina volti za kutosha za kuwasha rodi hiyo, inagandaganda tu na kuacha mashimo. Hapo bora 6013 kavu pamoja na joto la kutosha.

Kupasha joto: unalenga nyuzi 150 hadi 250. Tochi ya gesi au jiko la makaa yote sawa. Kupima bila kifaa, dondosha tone la maji kwenye mkono wa kiki, sm 3 kutoka kwenye mshono, si ndani yake. Tone likitandaa na kuchemka, bado. Likijikusanya na kukimbiakimbia juu ya chuma kama shanga, uko karibu na 200. Anza.

Shika kwa nukta mbili kwanza, moja juu na moja chini. Angalia kama bado imenyooka. Pitisha mshono wa kwanza chini kabisa ya V ya juu, gonga utoe ganda la uchafu lililofunika mshono, piga brashi ya waya mpaka ing'ae. Geuza, fanya wa chini. Rudi juu. Kubadilishana pande namna hiyo kunazuia mkono usivutwe kuelekea upande mmoja. Ganda hilo likibaki katikati ya mishono miwili, umejenga ufa kwa mkono wako.

boda_Bungoma
Ukimaliza unatia kwenye maji?

Rodi_na_Moto
Usitie kamwe. Maji ndiyo yanayomaliza ile kazi yote ya kupasha. Zika mkono kwenye ndoo ya majivu makavu ya jiko au chokaa kavu, uache mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu. Ni saa kadhaa. Fundi anayemwambia mteja "subiri dakika kumi" hawezi kukufanyia kazi hii.

Torki_Nakuru
Na wale wanaofunga kitambaa kibichi kwenye meno ili yasipate joto?

Grainda_Shabab
Naunga mkono kitambaa, meno yakiharibika umepoteza mkono mzima.

ChumaMoto
Hapo sikubaliani nawe, fundi. Kitambaa kibichi kina mambo mawili: kinapoza ghafla, na kinaleta mvuke karibu na mshono. Vyote viwili ndivyo tunavyovikimbia. Kama umekata sm 5 au zaidi kutoka kwenye meno, bana ile sehemu ya meno kati ya vipande viwili vinene vya alumini au shaba kwenye vaisi. Vinanyonya joto bila maji. Na weka shafti chakavu ndani ya tundu la meno wakati wote wa kuchomelea, bolti ikiwa imekazwa kwa mkono tu. Inazuia tundu lisijikunje. Shafti chakavu ya pikipiki aina ileile haikosekani kwa wauza vyuma vikuukuu.

Grainda_Shabab
Alumini nakubali. Nimeelewa hoja ya mvuke.

Sasa kusaga. Acha mshono uinuke mm 1 hadi 2 juu ya chuma. Ukitaka kulainisha, saga kwa urefu wa mkono, si kukatiza. Mikwaruzo inayokatiza mkono ni kama mistari ya kukatia glasi, ufa unaifuata. Na usichimbe pembeni ya mshono, kibonde cha nusu milimita hapo kinatosha kuukata.

Kuhusu ule uzito niliosema: springi ya kiki ndiyo inayorudisha mkono juu. Mkono ukizidi uzito, haurudi mpaka mwisho. Injini ikiwa inanguruma utasikia mlio wa krrr krrr kutoka upande wa klachi. Hizo ni meno za gia ya kiki zinasagana kwa sababu hazijaachana kabisa. Ukiusikia, zima na usisafiri hivyo. Sm 5 za mm 14 ni gramu 60 tu, hazina neno. Watu wanaoweka kipande cha bomba nene na pedali ya ango laini mwishoni ndio wanaoua gia. Mkono mzito pia unashinda ile gololi ya kukunjia, unafunguka wenyewe kwenye matuta na kugonga mguu wa dereva.

MamaSpea_Kakamega
Na macho, jamani. Miwani ya jua si kinga ya kuchomelea. Inapunguza mwangaza kwa hiyo unatazama kwa muda mrefu zaidi, na miale inaendelea kuingia. Saa chache baadaye macho yanahisi kama yamejaa mchanga. Kwa 80 hadi 90A kioo cha kivuli namba 10. Kioo chenyewe ni bei ndogo kuliko pakiti ya rodi.

WaKondele_KSM
Asanteni sana. Swali la mwisho: nitajuaje mshono uko salama kabla ya kuurudisha kwenye pikipiki?

ChumaMoto
Subiri saa 48 kwanza, ule ufa wa kuchelewa ujitokeze kama upo. Kisha paka mafuta ya taa kwenye mshono na sm 2 kila upande, acha nusu saa yaingie. Pangusa mpaka pakauke kabisa, halafu paka unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Ukiuona, usiuzibe kwa mshono mwingine juu. Saga wote utoe, anza upya.

Kama chaki imebaki safi, jaribu uzito. Bana mwili wa mkono kwenye vaisi upande wa meno, ukiweka alumini ili usiuumize, mkono ukilala sambamba na sakafu. Ning'iniza jerikeni mbili za lita 20 zilizojaa maji mahali pa kukanyagia. Hizo ni kilo 40, kwenye sm 25 zinatoa karibu Nm 100, ambayo ni zaidi ya lile teke tulilopigia hesabu juu. Ziache dakika kumi, simama mbali, miguu isiwe chini yake. Ukizitoa, mkono urudi palepale ulipokuwa. Weka alama ya chaki ukutani kabla ya kuanza ili uone. Ukibaki umeshuka hata mm 3, kipande ulichounga ni laini mno au hakikuungana ndani. Rudia ile kazi ya mafuta na chaki baada ya jaribio.

MamaSpea_Kakamega
Ukiurudisha, bolti ipite kwenye ule mfereji wa shafti, ndio unaozuia mkono usichomoke. Ikigoma kupita, mkono haujaingia mpaka mwisho, usiilazimishe kwa nyundo. Tumia bolti mpya yenye wosha ya springi. Piga mateke kumi, kaza tena, kisha kaza tena kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi.